Sauti ya Dada na Diski ya Mtumba

Mdogo wangu aliponiambia niifungue kompyuta mwenyewe, jibu lililofaa lilikuwa neno moja, hapana. Sikulisema. Nilisukuma bakuli la makande pembeni, nikafuta mdomo kama mkaguzi aliyekuja kukagua shule, nikasema, "Hiyo nayo ni kazi?" Tangu siku hiyo nimepata nafasi ya kutosha ya kujua kama ilikuwa kazi.

Tulikuwa nyumbani kwa dada yangu, hapa Mhezi, nyumba chache kutoka kwangu ukishuka kuelekea mfereji. Dada alinizidi umri wa kutosha kunibeba mgongoni, na ndivyo alivyofanya, kwa sababu mama yetu alifariki nikiwa bado sijaota meno. Picha yake hakuna. Zamani hizo kupigwa picha kulikuwa ni mambo ya watu wa mjini na ya watu waliokamatwa. Kila ninachokijua kuhusu mama kilitoka kinywani mwa dada, na kati ya waliomwona mama kwa macho, aliyebaki hai alikuwa yeye peke yake. Mdogo wangu alizaliwa na mama wa pili. Habari hizo alizisikiliza kwa adabu, kama mtu wa huku juu anavyosikiliza habari za mpunga wa Ndungu, kule tambarare.

Ndiyo maana nilianza kumrekodi dada. Binti yangu alikuwa ameniletea kompyuta ya mezani iliyostaafishwa ofisini kwao, nayo ilistaafu ikiwa na nguvu kuliko mimi. Jioni nilikwenda kwa dada, nikaweka simu juu ya kinu kilichogeuzwa, naye akaongea Kichasu, lugha yetu Wapare, mpaka betri ilalamike. Kisha nilihamishia sauti kwenye kompyuta, na kwenye simu nikazifuta ili ipate nafasi. Alisimulia mama alivyotembea, alivyopalilia maharage huku akiimba, alivyogombana na bibi kuhusu chumvi wakanuniana hadi mavuno.

Mimi sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nakodolea macho vile vijiti vya betri. Mashine inasikiliza, nami nitakuja kuisikiliza mashine. Ndivyo nilivyojipangia, kwa akili zangu timamu. Siku aliyosimulia kifo cha mama hata sikuwepo. Ilikuwa zamu yetu ya maji ya kumwagilia, nikamwachia simu imewashwa, nikaenda na jembe langu. Niliporudi alikuwa amemaliza, amejifunika khanga mabegani.

"Yote nimeyaweka humo," akasema. "Mengine yanakuhusu wewe."

Nikasema asante dada, nikatazama kama simu imehifadhi. Ilikuwa imehifadhi. Nikaridhika kama mtu aliyenunua Biblia akaona imejalidiwa vizuri.

Basi siku ile ya makande nilikuwa nimewaeleza kwamba diski ya kompyuta, kile kikasha cha ndani kinachotunza kila kitu, imeanza kulia kama panya aliyenaswa, na kwamba fundi wa Same amesema nimpelekee mashine nzima ahamishie vitu kwenye diski nyingine.

"Umpelekee?" mdogo wangu akauliza. "Mambo ya ukoo yakasikilizwe na vijana wa stendi?"

"Vijana wa stendi hawajui Kichasu," dada akasema.

"Siku hiyo watakijua. Halafu kaka ana kidato cha nne. Sisi tukichunga mbuzi, yeye anasoma fizikia. Fizikia yenyewe ilikuwa ya nini kama si ya siku kama hii?"

"Ilikuwa ya kukwepa palizi," dada akasema.

Tulicheka wote, mimi zaidi, kwa kuwa ilikuwa kweli. Kisha dada akaacha kucheka, akanigeukia. "Mpelekee fundi, mdogo wangu. Hata jino hung'oi mwenyewe."

Hapo ndipo niliposukuma bakuli.

Nilishuka Same kwa gari la asubuhi, nikiwa nimevaa koti la huku milimani, na nilipofika kwenye joto na upepo wa vumbi nikakumbuka kwa nini watu wa Same huwatambua watu wa milimani kabla hawajafungua mdomo. Fundi alikuwa kijana mwenye kibanda cha kuuza kava za simu, chaja na viatu vya kike, vyote kwenye rafu moja. Alinipa shikamoo, nikaitika, akanitolea diski.

"Hii ni used ya nje, mzee. Safi kuliko mpya."

"Safi kuliko mpya kivipi?"

"Mpya hujui itafanyaje. Hii tayari imeshafanya."

Hoja hiyo ilinikaa vizuri. Nilichotaka mimi ni diski yenye ukubwa sawasawa na ile ya zamani, maana niliona vitu viwili vinavyokaa pamoja lazima vilingane, kama mafiga. Akanipa pia flashi yenye programu ya kuendeshea kompyuta, akanielekeza namna ya kupiga windo, kama wanavyosema wao, yaani kuiweka programu hiyo upya. Katikati ya maneno mengi kuhusu mpira na bei ya chaja alisema jambo moja la maana.

"Hiyo diski ina mabaki ya mwenyewe wa kwanza. Ukifika kwenye orodha, yafute yote ndiyo uendelee. Lakini, mzee, ile yako ya zamani ichomoe kwanza. Ikae mezani. Ukimaliza ndiyo uirudishe uhamishe vitu vyako."

"Nimekuelewa," nikasema. Na kweli nilimwelewa. Katika simulizi hii nzima hakuna mahali nitakapojitetea kwamba sikuelewa.

Kesho yake nikaweka kompyuta ubavu juu ya meza, nikafungua skrubu kwa bisibisi, nikaikuta ndani imejaa vumbi la ofisi ya watu. Diski ya mtumba ilikuwa na matundu mawili, moja la waya wa umeme na moja la waya wa kupitishia taarifa. Nikachomeka waya zote mbili. Nikaingiza flashi, nikawasha. Ikaja orodha ya diski zilizomo. Ilikuwa na diski moja tu, nayo ikaitwa Diski 0. Ya zamani. Ya mtumba haikuwepo hata kwa jina.

Nikazima, nikawasha. Nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka. Nikaigeuza juu chini, kana kwamba ilikuwa imelala vibaya. Nikatazama video mtandaoni ya kijana mmoja aliyeongea kwa kasi ya mtu anayedaiwa, na alipofika kwenye sehemu niliyoihitaji bando likaisha. Nikampigia fundi, akauliza kama waya zote mbili zimeingia, nikamjibu kwa ukali kwamba nimesoma. Watani wetu husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Wanatuonea, lakini siku ile nilikuwa na kesi na diski, na nilikuwa tayari kuuza zizi.

Mdogo wangu akaja akitokea kwenye ndiva, bwawa letu la udongo pale juu ambalo maji ya kijito hujikusanya usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu. Yeye ndiye mwangalizi wake. Akasimama mlangoni na matope hadi magotini.

"Imeonekana?"

"Bado."

"Shamba la chini halipati maji," akasema, "usilaumu shamba. Panda juu uangalie nani ameyashika."

Alisema kwa utani, lakini nilimsikia kama nabii. Mfereji hauna fumbo. Maji yakimfikia mwenzako na wewe hayakufikii, unajua njia yake ni nzima na yako ina kasoro. Mnabadilishana njia. Basi nikauchomoa ule waya mzima wa diski ya zamani nikauchomeka kwenye ya mtumba, na ule wenye kasoro nikaupa ya zamani. Nikawasha. Diski zote mbili zikaonekana.

Leo najua kwamba hakukuwa na njia mbovu yoyote. Waya ulikuwa umelegea, na kuuchomoa na kuuchomeka tena kungetosha. Lakini saa ile sikuwa na habari hiyo. Niliita watu. Dada alikuja akajishika kiuno mlangoni.

"Sasa imeonekana?"

"Imeonekana. Ilitaka akili kidogo."

"Na zile sauti zangu?"

"Zipo. Hizi hapa, Diski 0."

Akanitazama, akaitazama ile orodha ya Kiingereza, akaondoka kwenda kuangalia moto wake.

Huku juu kuna desturi ambayo mtoto wa miaka saba anaijua. Wawili wakibadilishana zamu ya maji, hawamalizani wenyewe. Wanakwenda pamoja kwa mwangalizi wa ndiva na kutamka mbele yake: leo yangu ni yake, na yake ni yangu. Wasipotamka, mwangalizi atafungua kwa zamu ile ya zamani anayoikumbuka, maji yatakwenda kusikotakiwa, na kesho yake kutakuwa na majembe hewani. Nimehudhuria mashauri ya namna hiyo tangu ujana wangu. Nimewakemea watu wazima kwa kusahau kutamka.

Siku ile nilibadilisha njia za diski na sikumtamkia mtu yeyote, hata mimi mwenyewe. Kompyuta huhesabu diski kwa kufuata njia zilikochomekwa. Aliyekaa kwenye njia ya kwanza ndiye Diski 0, na kwenye njia ya kwanza sasa alikuwa amekaa mgeni. Kichwani mwangu Diski 0 ilibaki ya zamani, kwa sababu nilipoiona mara ya kwanza ilikuwa ya zamani. Zote mbili zilikuwa na ukubwa uleule, matakwa ya bwana mafiga. Zote mbili zilikuwa zimegawanywa vipande vipande, maana mgeni alikuja na mabaki yake. Hakuna kilichozitofautisha ila namba, na namba nilikuwa nimezigeuza kwa mkono wangu.

Nilikumbuka neno la fundi la kuchomoa ya zamani kwanza. Nililikumbuka vizuri sana. Lakini ingekuwa kuchokoza waya baada ya taabu yote ile. Na kama mgeni angepotea tena? Mtu akishapata maji shambani haendi kuchezea kizibo. Nikaamua, kwa hekima, kutogusa kitu.

Nikachagua Diski 1, nikaagiza ifutwe. Kompyuta ikaniuliza kwa heshima kama nina uhakika, kwa kuwa kila kilichomo kitapotea. Iliuliza kwa Kiingereza, na hapo ndipo elimu yangu ilipofaa: niliweza kuisoma, nikaielewa, nikajibu ndiyo. Ikauliza tena kwa kila kipande. Kila mara nilijibu ndiyo. Sijawahi kuulizwa kwa upole kiasi hicho na mtu yeyote, wala kanisani siku ya ndoa yangu.

Windo likapigwa. Mashine ikawaka haraka kama kijana. Nikaenda kutafuta kabrasha la sauti, nililokuwa nimelipa jina la Dada, ili nilihamishe. Nikafungua diski ile nyingine, niliyoilinda. Ndani mlikuwa na picha. Mlikuwa na mbwa. Mbwa mweupe, mnene, amevaa sweta jekundu, amesimama kwenye theluji. Mbwa yuleyule juu ya kochi. Mbwa yuleyule na keki. Picha nyingi, zimepangwa kwa utaratibu, hakuna hata moja iliyoharibika. Nilikuwa nimemwokoa mbwa wa watu wa mbali nisiowajua, na nilikuwa nimemwokoa kikamilifu.

Alikuwa na uso wa kuridhika.

Kama simulizi ingeishia hapo, ingekuwa ya kuchekesha tu, na dada angekuwa wa kwanza kuicheka. Alikuwa hai, nyumba chache kutoka kwangu, kichwa chake kizima, na ulimi wake haukuwa na kutu. Nilichotakiwa kufanya ni kushuka kwa mguu na kusema, dada, nimeharibu, naomba tuanze upya. Angenitukana kidogo, angenisonya, angegeuza kinu.

Badala yake nilishuka nikamwambia, "Zipo salama."

Nilikuwa nimeshajisifu mno. Kijiji kizima kilijua kwamba mzee amefungua kompyuta mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa ameieneza habari hadi Myamba, alikokwenda kununua mbegu ya tangawizi, na watu walinisimamisha njiani kunipa shikamoo zenye uzito kuliko za kawaida. Mtu hapewi shikamoo kama hizo halafu akazirudisha.

Dada alianza kuulizia. "Niletee nisikie kidogo nilivyosema."

"Umeme mdogo, dada, mashine haiwaki vizuri."

Mara nyingine nikasema spika imekufa. Spika ilikuwa nzima. Nilikuwa nasikilizia taarifa ya habari. Mara nyingine nikasema nasubiri waya kutoka Same, na nikauagiza kweli, nikaulipia, nikaufunga kwenye mashine isiyouhitaji, ili uongo wangu uwe na mwili.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza tulipokaa barazani kwake tukimenya maharage mabichi. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Kuna mahali nilikosea."

"Wapi?"

"Pale pa mama, siku ile ulipokwenda kwenye maji. Kuna neno lake nililisema vibaya. Nimelikumbuka vizuri usiku. Lete simu yako nilirudie."

Simu ilikuwa mfukoni mwa shati. Betri imejaa. Nilichotakiwa kusema ni sawa. Lakini nikaona haraka, kama mchezaji wa bao anavyoona mbele, kwamba akirudia ataomba zikae pamoja, ataomba asikilize ile ya kwanza ailinganishe, na hapo mbwa atajitokeza na sweta lake.

"Haina haja, dada," nikasema. "Ulisema vizuri. Niliisikiliza."

Akaacha kumenya. "Uliisikiliza?"

"Yote."

"Na ulionaje?"

"Iliniingia."

Sijui kama alijua. Uso wake ulilainika, akanishika goti kwa mkono wenye maganda ya maharage, akasema, "Basi nashukuru. Nilikuwa naogopa utahuzunika." Akaendelea kumenya. Tukaongea habari za ndiva, kwamba ukuta wake umevuja na kutakuwa na msaragambo, kila nyumba itoe mtu wa kubeba mawe.

Kiharusi kilimpata kabla mvua hazijakatika. Kilimwachia macho na mkono mmoja; ulimi kikauchukua. Nilikuwa nakaa kando ya kitanda chake na simu mkononi, sasa nikiwa tayari, sasa nikiwa mnyofu kabisa. Nilimwambia yote: diski, waya, mbwa, uongo. Nilipofika kwenye mbwa kona ya mdomo wake ilicheza. Kisha alijaribu kusema kitu. Alijaribu kwa muda mrefu, kwa bidii, akinitazama, na kilichotoka kilikuwa pumzi. Nilirekodi hata hiyo.

Tulimzika upande wa juu wa migomba. Mdogo wangu aliongea makaburini, akasema tushukuru kwamba kaka yetu ni msomi na sauti ya dada imehifadhiwa kwa vizazi. Watu wakaitikia amina. Nilisimama pale nikiwa na kofia mkononi. Nilimweleza baadaye, na tangu hapo hajaniuliza tena chochote kuhusu mashine.

Kisha nikafanya lile nililotakiwa kulifanya mwanzo. Nikabeba kompyuta nzima hadi Same. Fundi akahangaika nayo kwa uaminifu, akanipigia nikachukue. Kilichopatikana ni kipande kimoja kifupi. Jogoo anawika, kinu kinasogezwa, dada anakohoa, anauliza kwa Kichasu, "Umeshawasha?" Na mimi nasikika nikimjibu, "Bado, subiri."

"Hicho tu, mzee," fundi akasema. "Kwingine windo limekalia juu."

Nikamlipa. Alikuwa ameniambia niichomoe kwanza.

Diski ya mtumba bado ninayo, inafanya kazi vizuri sana, na mbwa yumo. Sijamfuta. Sioni kosa lake.

Kukubali kwangu siku ile ya makande kulinipotezea sauti ya dada yangu, na uongo niliouongeza juu yake ukanipotezea nafasi ya kuirudisha alipokuwa hai na ameniomba kwa mdomo wake. Pamoja na sauti hiyo alikwenda mama yangu. Sijui alikufaje. Sijui aliniachia neno gani. Aliyejua alinisimulia, nami nilikuwa nimekwenda kugeuza maji.